Broderi na fulana: fishie ya kuhifadhi na fishie ya kupeleka kwenye mashini

Shule moja inaleta agizo: nembo kwenye mifuko ya mashati 60. Fundi hana ordinatere, basi anamlipa kijana mwenye kujua kuchora. Kijana anachora, anaweka kwenye flashi, mashini inashona, shule inafurahi. Mwaka unaofuata shule inarudi. Inataka nembo ile ile, lakini kubwa zaidi, kwa mgongo wa majaketi ya walimu. Tena kuna herufi moja katika jina la shule iliyokosewa, irekebishwe. Fundi anafungua flashi. Ndani kuna fishie moja tu, na jina lake linaishia kwa .dst. Yule kijana alishahama mji, na namba yake haipatikane tena.

Fishie hiyo haina njia ya kurekebisha herufi. Haiwezi pia kukuzwa sana bila kuharibika. Fundi atalipa kuchora upya kitu alichokwisha kulipia, na pesa itatoka katika faida yake, juu shule haitaki kusikia habari za fishie. Shule inataka majaketi.

Mafundi wa broderi na wachapaji wa fulana wanakutana na shida hii tokea Bunia mpaka Uvira, na mara nyingi lawama inaangukia mashini ama flashi. Chanzo ni kuchanganya kazi mbili za ordinatere ambazo zinafanana machoni. (Hapa tunasema fishie kama tunavyosema mitaani. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanasema faili, ni kitu kimoja.)

Kuhifadhi na kutoa

Programu za kuchora zina amri mbili. Kwa Kifaransa, lugha ambayo ordinatere nyingi kwetu zinaizungumza, ya kwanza ni "Enregistrer" na ya pili ni "Exporter".

Ukihifadhi, programu inaandika kila kitu inachokijua juu ya kazi yako: huu ni mviringo, hii ni herufi A, hii ni rangi nyekundu, hapa uzi ulale kwa kuelekea kulia, hapa nafasi kati ya mistari ya uzi iwe milimita 0.4. Ukifungua kesho, ama miaka mitatu baadaye, vyote vipo na unaweza kuvibadilisha. Hiyo tuiite fishie ya kazi.

Ukitoa, programu inatengeneza kitu kwa ajili ya mwingine: mashini ya broderi, mchapaji wa fulana, ama simu ya mteja. Inaweka ndani kile tu ambacho huyo mwingine anahitaji, na mengine yote inayatupa. Ni kama muhogo na unga. Kutoka muhogo unapata unga, lakini hakuna mama hata mmoja sokoni atakayekurudishia muhogo kutoka unga.

Kila kazi basi inapaswa kuwa na fishie mbili, na ile ya kazi ndiyo ya kuchunga. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunachunga ile ya mashini kwa sababu ndiyo "inatumika", na ile nyingine tunaiacha kwenye ordinatere ya mtu.

Ndani ya .dst kuna nini

Zile herufi zinazofuata nukta mwishoni mwa jina la fishie, tuziite mkia. Mkia unaonyesha fishie ni ya aina gani. Mkia .dst ulitoka kwa Tajima, kampuni ya Japani inayotengeneza mashini za broderi, na leo karibu kila mashini kubwa ya broderi inausoma hata kama si Tajima. Ndiyo sababu wachoraji wanaupenda: ukimpa fundi .dst, kuna uwezekano mkubwa mashini yake itaielewa.

Lakini ukifungua tumbo la .dst, utakuta orodha ya hatua za sindano tu. Nenda kulia kiasi hiki, nenda juu kiasi kile, shona. Ruka bila kushona. Simama, uzi ubadilishwe. Hatua zinapimwa kwa sehemu ya kumi ya milimita, na hatua moja haizidi milimita 12.1. Hakuna herufi ndani, hakuna mviringo, hakuna hata rangi. Mashini inajua tu kwamba hapa kuna kusimama. Uzi gani unafuata, hilo ni la fundi kujua. Kwa hiyo ukifungua .dst kwenye ordinatere na kukuta simba wa nembo amekuwa wa kijani na zambarau, usiogope. Programu imejichagulia rangi kwa sababu haikukuta chochote.

Rangi ni shida ndogo, juu inatatuliwa kwa karatasi: andika mpangilio wa nyuzi (1 nyeusi, 2 njano, 3 nyeusi tena, 4 nyeupe) na uiweke pamoja na flashi. Ukubwa ndio shida yenyewe.

Tuseme nembo ilichorwa kwa upana wa sentimita 8, na mistari ya uzi imeachana kwa milimita 0.4, kipimo cha kawaida kwa uzi wa broderi tunaotumia. Mteja anataka sentimita 12. Ukikuza .dst kwenye kioo cha mashini, mashini nyingi zinavuta zile hatua tu, bila kuongeza mishono. Ile nafasi ya 0.4 inakuwa 0.6. Kitambaa kinaonekana katikati ya nyuzi, na nembo inakuwa kama mkeka uliochakaa. Ukipunguza kwa nusu, kutoka 8 mpaka 4, nafasi inakuwa 0.2: nyuzi zinapandana, kitambaa kinakuwa kigumu kama bati, uzi unakatika, na sindano inaweza kuvunjika. Mafundi wengi hawapitishi asilimia 10 hivi juu ama chini wanapobadili ukubwa wa fishie ya mashini. Ziko mashini na programu zinazojaribu kuhesabu mishono upya, lakini zinakisia tu.

Kwenye fishie ya kazi mambo ni rahisi. Unavuta mchoro mpaka sentimita 12, programu inaona kwamba nafasi ibaki 0.4, inaongeza mishono yenyewe, kisha unatoa .dst mpya. Dakika chache, bila kumlipa mtu.

Mashini ipi, mkia upi

Kabla mchoraji hajatoa fishie, ni lazima ajue mashini. Brother inataka .pes, Janome inataka .jef, Husqvarna Viking na Pfaff za siku hizi zinasoma .vp3, Melco inasoma .exp. Mashini kubwa za sindano nyingi kwa kawaida zinasoma .dst. Tofauti na .dst, mikia .pes na .vp3 inabeba habari za rangi, kwa hiyo kioo cha mashini kitaonyesha rangi zilizo karibu na ulizochagua. Lakini nazo ni za mashini bado. Mtu akikuambia "nimekupa .pes, hiyo ni fishie kamili", jua amekupa unga.

Mkia .emb ni habari nyingine: ni fishie ya kazi ya programu ya Wilcom, ambayo inauzwa ghali na ambayo wachoraji wengi wa kazi kubwa wanaitumia. Ukipewa .emb, umepewa muhogo wenyewe, hata kama wewe huna programu ya kuifungua leo. Iweke. Siku moja utamkuta mwenye nayo.

Jambo lingine linalowachosha mafundi: "Fishie iko ndani ya flashi, lakini mashini haiione." Mara nyingi sababu ni ndogo. Mashini ndogo za nyumbani hazionyeshi mchoro unaozidi kadre yake. Kama kadre ni ya sentimita 10 kwa 10 na mchoro una 10.3, kwake ni kama haupo. Mashini za miaka ya nyuma zinapenda flashi ndogo, iliyoformatiwa kwa FAT32, fishie ikiwa nje ya folda yoyote, na jina fupi lisilozidi herufi 8, bila nafasi wala alama za Kifaransa kama é na ç. "Ecole1.dst" itaonekana pale ambapo "Nembo mpya ya École (ya mwisho).dst" haitaonekana.

Programu ya bure: Inkscape na Ink/Stitch

Kwa anayetaka kujichorea bila kununua programu, iko Inkscape, programu ya bure ya kuchora, na ndani yake unaongeza Ink/Stitch, nayo ya bure, inayogeuza michoro kuwa mishono. Zote mbili zinafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac, na ukishazipakua mara moja hazihitaji intaneti ili kutumika. Kwetu hilo si jambo dogo.

Fishie ya kazi hapa ina mkia .svg. Unachora, unaweka vipimo vya mishono kwenye dirisha la Ink/Stitch, unaangalia kwa macho jinsi sindano itakavyotembea (programu inakuonyesha kama sinema), na unahifadhi kwa Ctrl+S. Hapo kazi yako iko salama kama .svg.

Sasa, mtego. Kwa broderi, Inkscape haitumii neno "Exporter". Fishie ya mashini inatoka kwenye "Fichier", kisha "Enregistrer une copie", na hapo unachagua .dst, .pes ama mkia mwingine. Soma vizuri: "une copie". Chini yake kidogo, ama juu yake, kuna "Enregistrer sous", na watu wanaichagua kwa mazoea. Ukitumia "Enregistrer sous" na kuchagua .dst, programu inachukua kwamba sasa kazi yako ndiyo hiyo .dst. Unaendelea kurekebisha, unabonyeza Ctrl+S kwa amani, na kila mara inaandika ndani ya .dst. Unafunga. Kesho yake unafungua: mishono mitupu. Ink/Stitch inaweza kufungua .dst, ndiyo, lakini itakuonyesha mistari ya sindano, si umbo ulilochora. Kijana aliyenionyesha programu hii alipoteza hivyo kazi ya siku mbili kabla hajaelewa tofauti ya maneno hayo mawili.

Ink/Stitch inaweza pia kutoa mikia kadhaa kwa pamoja ndani ya fishie moja ya .zip, jambo zuri kama hujui kazi itaenda kwenye mashini ya nani. Na inaweza kutoa PDF yenye picha ya nembo, vipimo, idadi ya mishono na mpangilio wa nyuzi. Idadi ya mishono usiidharau: ndiyo inakuambia mashini itatumika muda gani na uzi kiasi gani, na wenye mashini wengine wanahesabu bei yao kwa mishono. Ukienda nayo mkononi, mazungumzo ya bei yanakuwa mafupi.

Fulana na mabango: picha inayotoka na ngazi

Kwa kuchapa, ama kwa serigrafi ama kwa karatasi ya joto, sindano hakuna, lakini kanuni inabaki ile ile. Fishie ya kazi ni .svg (ama .ai ya Illustrator, .cdr ya CorelDRAW, .psd ya Photoshop, .xcf ya Gimp). Kinachotoka ni .png, .jpg ama .pdf.

Kati ya .png na .jpg, kwa nembo chagua .png. Fishie ya .jpg inatupa sehemu ya picha ili iwe nyepesi, na inatupa tena kila unapoihifadhi upya. Pia haijui kuacha nyuma wazi, kwa hiyo nembo ya mviringo inakuja na mraba mweupe unaoizunguka. Kwenye fulana nyeusi mraba huo unaonekana toka ng'ambo ya barabara.

Kisha vipimo. Mchapaji akisema anataka "300 dpi", maana yake ni vidoti 300 katika kila inchi, na inchi moja ni sentimita 2.54. Kwa nembo ya sentimita 30 kifuani unahitaji vidoti kama 3,543 kwa upana. Inkscape usipoigusa inatoa picha kwa vidoti 96 kwa inchi, na nembo ile ile inatoka na vidoti 1,134 tu. Kwenye simu itaonekana safi kabisa. Kwenye kitambaa kingo zitakuwa kama ngazi. Kwa hiyo kwenye dirisha la "Exporter" badilisha 96 iwe 300 kabla ya kubonyeza. Kukuza ile picha ndogo baadaye hakusaidii, juu vidoti vilivyokosekana havizaliwi.

Kwa serigrafi kila rangi inahitaji kadre yake, kwa hiyo unatoa fishie moja kwa kila rangi, yote kwa nyeusi, na kwenye kila moja unaacha misalaba midogo pembeni, fasi ile ile, ili mchapaji alenganishe. Kwa karatasi ya joto ya vitambaa vyeupe, mchoro unageuzwa kama kwenye kioo. Muulize mchapaji ni nani anageuza, wewe ama yeye. Mkigeuza wote wawili, jina la kanisa litasomeka kinyumenyume kwenye fulana 30.

Kuna pia habari ya herufi. Ukiandika jina kwa aina nzuri ya herufi iliyo kwenye ordinatere yako, ukafungua .svg kwenye ordinatere ya saiba isiyokuwa na aina hiyo, jina litageuka kuwa herufi za kawaida, tena zitatoka nje ya mstari. Dawa ni kugeuza maandishi kuwa michoro: kwenye Inkscape ni "Chemin", kisha "Objet en chemin". Lakini ukishafanya hivyo herufi si herufi tena, huwezi kurekebisha kosa la tahajia. Kwa hiyo hifadhi kwanza fishie yenye maandishi, kisha tengeneza nyingine yenye michoro, kwa majina mawili tofauti.

WhatsApp inapunguza

Sisi wenyewe hapa redioni tulipotaka fulana, nembo yetu tuliyoipata haraka ilikuwa picha iliyopita WhatsApp toka simu moja mpaka nyingine. Mchapaji aliitazama akacheka. WhatsApp, ili kulinda mega, inapunguza kila picha unayoituma kama picha, na ikitumwa tena na tena inazidi kuchoka. Tuma kwa njia ya "Document": bonyeza alama ya kuambatanisha, chagua Document, kisha tafuta fishie yako. Hapo inafika kama ilivyotoka. Fishie za .dst, .pes na .svg hazikubali njia ya picha hata hivyo, na kwa kawaida ni nyepesi, nembo ya kawaida haitakula mega nyingi.

Kura ikikatika

Kila mtu anajua Ctrl+S, na kila mtu anaikumbuka baada ya kura kukatika. Inkscape ina uwezo wa kujihifadhi yenyewe kila baada ya dakika kadhaa; ingia katika "Préférences", tafuta "Enregistrement automatique", ukaipunguze mpaka dakika 2 ama 3 kama mtaa wenu kura inachezacheza. Usifanyie kazi moja kwa moja juu ya flashi. Fanya kwenye ordinatere, kisha nakili. Na flashi inayozunguka saiba hadi saiba inachukua virusi vinavyoficha fishie na kuacha vijialama tu vya "raccourci". Yenye fishie za kazi isizunguke, tumia nyingine kwa mashini.

Majina pia. "Nembo mwisho", "nembo mwisho kabisa", "nembo mwisho 2": tumewahi wote. Namba zinatosha: shule-01.svg, shule-02.svg, na .dst iliyotoka kwenye 02 iitwe nayo shule02. Ukiona kosa kwenye kitambaa utajua ni fishie ipi ya kurudia.

Nakala iwe fasi mbili, na moja isiwe ndani ya nyumba ile ile. Wakaaji wa Goma wanakumbuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipolipuka, na siku tano baadaye sehemu ya mji ikaamriwa kuhama. Mtu hakimbii na mashini ya broderi kichwani. Lakini fishie za kazi za miaka mitano zinaenea kwenye flashi moja ya mfukoni, ama kwenye barua pepe uliyojitumia mwenyewe, na fundi aliyefika Bukavu ama Sake nazo anaweza kushona kwa mashini ya mwenzake wateja wakirudi kumtafuta.

Kabla ya kulipa mchoraji

Yote hayo yanategemea fishie ya kazi kuwa mikononi mwako, na saa ya kuiomba ni kabla ya pesa kutoka. Wachoraji wengine hawapendi kuitoa, na wana hoja yao: ni jasho lao, na mteja akiwa nayo hatarudi. Wengine wanaongeza bei kidogo. Kwa maoni yetu nyongeza hiyo ni haki, mradi isemwe mapema. Mwambie wazi: "Ndugu, ninataka fishie ya kazi, .svg ama .emb, pamoja na .dst, na karatasi ya rangi." Akikubali, andikeni kwenye risiti. Akikataa, angalau unajua kwamba umenunua mashati 60 ya mwaka huu, na majaketi ya mwaka ujao utapaswa kurudi kwake.

Ukipokea, usiondoke kwanza. Fungua .svg mbele yake, jaribu kubadili herufi moja, kisha funga bila kuhifadhi. Herufi ikibadilika, fishie ni yenyewe. Na ile .dst ipitishe kwenye kipande cha kitambaa kilekile cha mashati, kabla mashini haijagusa shati la kwanza.